Cha juu kwenye magari ya mbio: maswali yenu

Yadi moja wanauza Toyota GR Yaris ya 2021 milioni 150, eti ni adimu. Ninapigwa? (Mwanjelwa)

Piga hesabu. Tuseme thamani ambayo TRA wameikubali, yaani bei ya gari, bima na meli hadi bandarini, ni milioni 60. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 15, unafika 75. Injini yake ni cc 1,618, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni 5%: milioni 3.75. VAT 18% ya hiyo 78.75 ni milioni 14.175. Jumla inakaribia milioni 93. Weka tozo ndogo, bandari, wakala wa forodha, namba, dereva wa kuipandisha Kitonga hadi Mbeya, na faida ya halali. Kinachobaki ndicho cha juu.

Mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi za ushuru. Akileta maneno, mwachie gari yake. Na hilo neno “adimu” mlizoee: GR Yaris haikuwa na idadi maalumu, na mwaka 2024 ilitoka iliyoboreshwa.

Nimeona GR Yaris nyingine nusu bei, otomatiki. Niwahi? (Mafinga)

Wahi kusoma namba ya chesisi kwanza. GXPA16 ndiyo yenye turbo. MXPA12 ni toleo la RS: injini ya 1.5 bila turbo, gia ya CVT ambayo ni otomatiki, inavuta mbele tu. Bodi inafanana, ndiyo maana watu wanalizwa. Otomatiki peke yake si ushahidi, maana za 2024 zenye turbo zipo pia za otomatiki, gia 8.

Naomba bei ya Subaru STI. (Iringa)

Ya mwaka gani? Chesisi gani? Ushuru umelipwa? Ikishapita miaka 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu 30%, kwa hiyo bei ya Japani pekee haikusaidii kitu.

Kwa nini kiwanda hakiwazuii wauzaji kuweka cha juu? (Njombe)

Marekani wauzaji ni wafanyabiashara huru, na bei ya kiwanda ni mapendekezo tu. Toyota GR Corolla ya Morizo Edition, toleo maalumu, ilipangiwa magari 200 kule. Gari 200 kwa nchi nzima, lazima watu wapandiane dau. Ford walimbana mnunuzi wa gari yao ya GT asiiuze kwa miezi 24, wakamshtaki mwanamieleka John Cena mwaka 2017 alipoiuza mapema. Huku kwetu hata hiyo bei ya mapendekezo hakuna, ila karatasi za ushuru zipo, na hamziombi.

Dalali anataka kishika uchumba milioni 5 nisipitwe. (Tunduma)

Usimtumie kwenye simu yake. Lipa akaunti ya mwenye gari, kwa mkataba wenye namba ya chesisi, tarehe ya mwisho na sharti la kurudishiwa. Na kwa kuwa uko mpakani: gari ya transiti ya Zambia inayouzwa chini chini haijalipiwa ushuru wa Tanzania. Ikikamatwa, gari imekwenda, na ile milioni 5 hutaiona tena.