Barua kwa mwanangu: Mkibishana juu ya mimba

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mabishano yenu kuhusu kutoa mimba yaliishia kwa matusi, ilhali nyote ni watu wazima na mmesoma. Pia unataka nikuambie nani mwenye haki. Hilo la pili sitakujibu leo.

Tega sikio kwa majina. Mmoja akisema "mtoto" na mwenzake "kijusi", hukumu imeshatoka kabla kesi haijasikilizwa. Hawa hujiita watetezi wa uhai, wale watetezi wa haki ya kuchagua. Nani atakubali kuitwa mpinga uhai, au mpinga uhuru? Hata sheria hubatizwa hivyo. Mwaka 2003 Marekani ilipiga marufuku njia moja ya kutoa mimba iliyokwisha kukua, ikaiita utoaji mimba wa "kuzaliwa nusu", jina lililotungwa na wanaharakati, si madaktari. Mwaka 2021 jimbo la Texas likaja na sheria ya "mapigo ya moyo", iliyokataza kutoa mimba kuanzia wiki sita hivi. Wapinzani wakajibu kwamba wakati huo moyo wenyewe haujaumbika, kuna seli zinazotoa ishara za umeme tu. (Wiki hizo huhesabiwa tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo wanawake wengine hata hawajajua kama wana mimba.) Watetezi wa haki ya kuchagua nao hawakosi ujanja: husema "huduma ya afya ya uzazi", maneno mapana kiasi kwamba msikilizaji hajui kinachofanyika ni nini.

Mimi huwaheshimu zaidi wanaothubutu kubishana bila neno wanalolipenda. Mwaka 1971 mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson, mtetezi wa haki ya kutoa mimba, alikubali kwa ajili ya hoja kwamba kijusi ni mtu kamili. Kisha akauliza: ukiamka umetekwa na kuunganishwa na mpiga fidla mahiri mwenye figo mbovu, naye atapona ukivumilia miezi tisa, je, ni lazima uvumilie? Wakosoaji wakamwambia mfano huo unamfaa aliyebakwa, si aliyelala na mtu kwa hiari. Mwaka 1989 mwanafalsafa Don Marquis, aliyepinga utoaji mimba, naye aliweka kando dini na hata swali la nani ni mtu. Ubaya wa kuua, alisema, ni kumnyang'anya aliyeuawa maisha ambayo angeyaishi, na kijusi kina maisha hayo mbele yake. Naye akaulizwa: basi kuzuia mimba nako ni kosa? Tazama, hapo watu wanajibizana kweli.

Yule rafiki yako mkali mwulize: akikubali kwamba kijusi ni mtu, msimamo wake utasimama juu ya nini? Na wewe, usipoweza kusema "mtoto", utasema nini? Mkishajibizana, niandikie.

Mama yako