Maswali na Majibu: Tovuti Yako na Mteja Asiyeona

Ndugu mwandishi, nauza vitenge mtandaoni nikiwa Ohio, Marekani. Wakili ameniandikia kuwa mteja asiyeona ameshindwa kutumia tovuti yangu. Nikinyamaza si yataisha?

Hayataisha. Leo hii mpelekee wakili wa huko huko barua hiyo, na marekebisho yaanze bila kumsubiri. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ADA, ni ya 1990 na haizitaji tovuti kwa jina, ndiyo maana wengi hujipa moyo kuwa haiwagusi. Domino's, kampuni ya piza, nao walishika hoja hiyo. Guillermo Robles, asiyeona, aliwashtaki mwaka 2016 kwa kushindwa kuagiza piza kwenye tovuti na programu yao ya simu. Januari 2019 mahakama ya rufaa iliruhusu kesi iendelee, na Oktoba Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Kwa duka lisilo na mlango wa mtaani kama lako, mahakama za huko bado hazijakubaliana. Hapo ndipo wakili wako ana kazi. Kwa ADA yenyewe mlalamikaji halipwi fidia, ila ukishindwa unaweza kubebeshwa gharama za wakili wake. California wana sheria yao juu ya hiyo, fidia isiyopungua dola 4,000.

Kuna kampuni inaniuzia kitufe cha kubandika kwenye tovuti, eti kinamaliza kila kitu. Ninunue?

Usinunue. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado watu wanalipa. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa accessiBe, kampuni inayouza kitufe cha namna hiyo, italipa dola milioni 1, kwa tuhuma za kudai kwamba programu yake inaifanya tovuti yoyote itimize WCAG, yaani viwango vya kimataifa vya tovuti ambayo watu wenye ulemavu wanaweza kuitumia. Fedha hiyo mpe fundi aliyekutengenezea tovuti, arekebishe msimbo wenyewe.

Nimeandika “picha” kwenye maelezo ya kila picha. Inatosha?

Hapana. Asiyeona husomewa maelezo hayo kwa sauti badala ya kuiona picha. Andika “kitenge cha buluu chenye maua ya manjano, yadi sita”.

Kwani wasioona wananunua mtandaoni?

Wananunua, na swali hili linaniuma. Binamu yangu haoni tangu utotoni. Juzi alikaa kando yangu akitaka kukata tiketi ya basi kwa simu. Sauti ikamsomea: kitufe, hakina jina; kitufe, hakina jina. Akabahatisha hadi kwenye ramani ya viti, simu ikanyamaza kabisa. Kiti kilicho wazi kilikuwa kijani, kilichochukuliwa chekundu, basi. Akanikabidhi simu: “Nichagulie wewe.” Nauli alikuwa nayo, safari ilikuwa yake, na mtu mzima yule akalazimika kuombea kiti.

Tunapeleka watalii Kilimanjaro, ofisi iko Moshi, wateja wengi ni Wajerumani. Sheria za Ulaya zinatuhusu nini?

Zinaweza kuwahusu. Tangu 28 Juni 2025 sheria ya Ulaya ya ufikivu, yaani ya huduma kutumika na watu wenye ulemavu, inagusa mauzo ya mtandaoni kwa watumiaji walioko huko, na kinachoangaliwa ni soko unalouzia. Watoa huduma wenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyozidi euro milioni 2 kwa mwaka wamesamehewa. Ninyi pigeni hesabu zenu, kisha muulizeni mwanasheria anayeijua Ulaya. Ila msisubiri Wazungu wawakumbushe: Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliouridhia 2009 unaitaja intaneti kwa jina. Wakenya, someni ibara ya 27 (usawa) na ya 54 (watu wenye ulemavu) za katiba yenu.

Nianzie wapi?

Weka kipanya kando. Kwa kibodi peke yake, nunua kitu kwenye tovuti yako tangu ukurasa wa kwanza hadi malipo. Kisha pakua NVDA, programu ya kompyuta za Windows inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure, zima skrini, urudie safari ile ile kwa masikio. Utakapokwama, andika mahali hapo kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo kazi ya fundi wako ya wiki hii, na kipimo cha kumdai ni WCAG 2.1, daraja la AA.