Muulize Mwalimu: Yerusalemu ni ya nani?

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na sita hapa mtaa wa Jerusalem, Eastlands. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alituma kwenye WhatsApp ya chama picha ya tikiti yake ya ndege, anaenda kuhiji na kanisa lake. Chini akaandika: "Naenda mji wa milele wa Israeli." Jirani yangu ambaye ni Mwislamu akamjibu kwamba mji huo umeporwa. Wakajibizana hadi saa sita usiku. Kulipokucha, jirani akaomba arudishiwe akiba yake ajitoe. Tumekuwa marafiki tangu watoto wetu wakiwa chekechea. Nimwambie nini? Na mji ule ni wa nani hasa?
Mweka hazina, Jerusalem, Nairobi

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye akiba. Mtu akifikia kudai pesa zake, jua ameumia.

Mimi nimelelewa Jericho, jirani zenu. Utotoni nilitumwa sukari Jerusalem na kurudi kabla chai haijachemka, na kisa cha Msamaria Mwema nilikiona kichwani kikitendeka kwenye njia yetu ya vumbi. Mwaka 2011, nikiwa nimestaafu ualimu wa historia, nikaenda kule kwenyewe na wanaparokia wenzangu. Basi lilitoka Jericho, iliyo chini ya usawa wa bahari, likapanda na kupanda mpaka masikio yakaziba. Ndipo nikaelewa kwa nini Maandiko husema watu "wanapanda" kwenda Yerusalemu.

Mji wa kale, ule wenye kuta, ni mdogo: haufiki kilomita moja ya mraba. Kutoka kanisa la Kaburi Takatifu hadi Ukuta wa Magharibi ni kama dakika kumi kwa miguu. Juu ya ukuta huo ndiko kuliko Haram al-Sharif, penye Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba la Mwamba lililojengwa karne ya 7. Jirani yako anapaita Baitul Maqdis. Huko ndiko Waislamu walikoelekea katika swala kabla kibla hakijageuzwa Makka, na ndiko Mtume alikopelekwa usiku wa Israa na Miraji. Kilima hichohicho ndipo lilipokuwa Hekalu la Wayahudi, lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Ukuta wanaousalia leo ni sehemu ya kingo zilizoshikilia uwanja wa Hekalu. Kwa hiyo anayesema Waislamu wamedandia mji huu juzi anakosea, na anayesema Wayahudi hawana asili pale anakosea vilevile.

Sisi Wakristo nasi tunagombana huko wenyewe kwa wenyewe. Alfajiri moja nilisimama nje ya Kaburi Takatifu, baridi ikinikata vidole. Kidirisha mlangoni kikafunguka kwa ndani, ngazi ya mbao ikasukumwa nje, mwanamume mmoja akaipanda ili aifikie kufuli ya juu. Huyo ni Mwislamu. Familia mbili za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh, zimepokezana kazi hiyo kizazi hadi kizazi: moja hutunza ufunguo, nyingine hufungua, kwa kuwa madhehebu yanayogawana kanisa hayakuaminiana. Juu ya paa wanaishi watawa wa Ethiopia katika vijumba vidogo, nao wana ugomvi mrefu na Wakopti, Wakristo wa Misri, juu ya nani mwenye paa hilo. Mwenzenu akifika, asikose kupanda kuwasalimu.

Sasa, ni wa nani? Kwetu shamba likigombaniwa, wazee huuliza: nani analikalia sasa, na aliingiaje? Tuanzie hapo.

Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipopendekeza Palestina igawanywe kuwa nchi ya Wayahudi na nchi ya Waarabu, Yerusalemu iliwekwa kando isiwe ya yeyote, isimamiwe na Umoja wenyewe. Haikuwa. Vita vya 1948 vilipokwisha, Israeli ilishika magharibi na Jordan ikashika mashariki pamoja na mji wa kale, na Wayahudi wakazuiwa kufika kwenye ukuta wao kwa miaka 19. Juni 1967 Israeli ikauteka upande wa mashariki, kisha ikaingiza ndani ya mipaka ya jiji kama kilomita za mraba 70, pamoja na vijiji vilivyouzunguka. Mwaka 1980 bunge lake likapitisha sheria kwamba Yerusalemu nzima ni mji mkuu wake. Baraza la Usalama likajibu kwa azimio nambari 478 kwamba sheria hiyo ni batili na nchi ziondoe balozi zake humo. Marekani ilikwenda kinyume: ilitambua mji huo kuwa mji mkuu wa Israeli Desemba 2017, ikahamishia ubalozi wake huko Mei 2018. Nao Wapalestina wanautaka upande wa mashariki uwe mji mkuu wa nchi yao. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuwapo kwa Israeli katika maeneo yaliyotekwa 1967, Yerusalemu ya Mashariki ikiwamo, ni kinyume cha sheria.

Kwa hiyo katika hili jirani yako ana hoja nzito, nami sitamung'unya maneno: upande wa mashariki unakaliwa kwa nguvu. Utakatifu wa mahali haumpi mtu hati ya ardhi, awe na Biblia mkononi au Kurani.

Nitakwambia nilikojifunzia hilo. Karibu na lango la Haram liitwalo Bab al-Majlis kuna mtaa wa watu weusi, wazao wa mahujaji wa Chad, Nigeria, Senegal na Sudan. Mzee mmoja alisikia Kiswahili chetu akatukaribisha chai yenye majani ya mrehani wa kwao. Chini ya kitanda akavuta kopo la biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na risiti za maji, za umeme, za kodi ya jiji, vyeti vya shule vya watoto, zimefungwa kwa mipira mwaka kwa mwaka. Juu yake kitambulisho chake cha bluu.

Wapalestina wengi wa Yerusalemu, ambao ni kama wanne katika kila wakazi kumi wa jiji, si raia wa Israeli. Wana ukaazi tu, na serikali ikiamua kwamba maisha yako yamehamia kwingine, unaupoteza. Tangu 1967 zaidi ya 14,000 wameupoteza. Mzee yule alizaliwa hatua chache kutoka pale tulipokaa, lakini bila zile risiti hawezi kuthibitisha kwamba anaishi kwao. Nilishika ile ya umeme ya 1994, imefifia mpaka maandishi hayaonekani. Bado anaitunza.

Kwa hiyo usimrudishie jirani akiba bado. Usimwandikie pia. Mwendee nyumbani jioni, ukae, unywe chai yake, umsikilize mpaka amalize. Umwambie kwamba kuhusu 1967 ana haki ya kusema alichosema, na kwamba mwenzenu haendi kununua shamba, anakwenda kusali. Na huyo msafiri umpigie simu. Aende hija yake kwa amani, lakini yale maneno chini ya tikiti ayafute yeye mwenyewe, mbele ya wote walioyasoma.

SWALI: Mwalimu, ni kweli Wayahudi walikaribia kupewa Eldoret? Rafiki yangu anasema ni uzushi.
Kijana, Githurai

JIBU: Si uzushi, ingawa Eldoret yenyewe haikuwapo bado. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alijitolea kuwapa viongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, kama kilomita za mraba 13,000. Uliitwa mpango wa Uganda kwa sababu hadi 1902 eneo hilo lilihesabiwa kuwa la Uganda. Wajumbe watatu walitumwa kulikagua, na mkutano mkuu wa 1905 kule Basel ukakataa: wengi hawakutaka pengine ila Palestina. Wanandi waliokuwa wakilisha ng'ombe wao pale hawakuulizwa na yeyote.