Mama Fundi Anajibu: Saa ya Maunzi Ikikosekana

Habari yako, Mama Fundi. Mimi ni karani wa kompyuta katika ofisi ya mawakala wa forodha hapa Malaba. Zamani seva zetu zilikaa chini ya meza, na aliyenitangulia aliacha skripti (faili la amri zinazojiendesha) ya kurekebisha saa: inaweka muda kwa `date`, halafu inaunakili kwenye saa ya maunzi kwa `hwclock --systohc`. Mwaka huu tumehamia kwenye mashine pepe za kukodi, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Tangu hapo skripti inakufa katika hatua ya pili, `hwclock` ikidai haiwezi kuifikia saa ya maunzi kwa njia yoyote inayoijua. Kwa kuwa skripti imeandikwa isimame kosa lolote likitokea, huduma zinazofuata haziwaki, na madereva wa malori wanasubiri karatasi dirishani. Bosi anataka niipigie simu kampuni inayotukodisha, ituwekee saa ya maunzi. Nifanyeje?
— *Karani, Malaba*

Kijana wangu, usiwapigie. Watakucheka, na pengine watakutoza.

Kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza inaendeshwa na kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na inakufa mashine ikizimwa. Hiyo ndiyo inayosomwa na programu zako, na ndiyo inayogonga muda kwenye kila hati unayompa dereva. Ya pili ni chipu iliyo kwenye ubao mkuu, inayoishi kwa betri ya CR2032. Kazi yake ni moja tu: kukumbuka muda wakati umeme haupo, ili kerneli ikiamka iwe na pa kuanzia. IBM iliiweka kwenye PC/AT mwaka 1984, na mpaka leo tunaibeba. Mimi nimekulia Bombo, umeme ukiondoka bila kuaga, kwa hiyo siidharau betri hiyo hata kidogo. Lakini wewe sasa huna ubao, huna betri. Una programu inayojifanya ubao.

Kujifanya huko kuna viwango. QEMU, inayobeba mashine pepe nyingi za Linux, kwa kawaida inaigiza hata ile chipu ya PC/AT, Motorola MC146818, na ndiyo sababu ndani ya mashine kama hiyo utaikuta `/dev/rtc0`. Wageni (yaani mashine pepe) wa Xen, mwenzake QEMU, wa mtindo wa zamani, wale wanaojua tangu mwanzo kwamba ni wageni, hawapewi chipu yoyote. Haipavaiza, programu inayowabeba wageni hao, inawapa muda moja kwa moja. Na wako watoa huduma wanaouza kontena (vyumba vya kupanga ndani ya mfumo mmoja, visivyo na kerneli yao) huku wakiziita seva, humo saa ya maunzi usiitafute kabisa. Ukitaka kujua umeangukia wapi, andika `systemd-detect-virt`, kisha `hwclock --verbose` uone ilibisha milango ipi: `/dev/rtc0`, `/dev/rtc` na wenzake. Kama `timedatectl` inaonyesha `n/a` kwenye mstari wa RTC (ndiyo saa ya maunzi), basi mashine yako haijaharibika. Imesema ukweli.

Kuna jambo ambalo bosi wako atashangaa kulisikia. Hata pale `hwclock` inapofaulu, kwenye QEMU mara nyingi umeandika juu ya maji. Saa ile ya kuigiza inaishi ndani ya programu inayoendesha mashine yako. Ukiizima mashine pepe kabisa na kuiwasha upya, kwa mpangilio wa kawaida saa hiyo inaanza tena kwa kufuata muda wa mashine mwenyeji (ile halisi inayoibeba yako), na ulichoandika jana hakipo. Kwa hiyo kile ulichopoteza ulipohama hakikuwa na thamani unayodhani.

Basi wengi wakifika hapa wanabandika `|| true` (yaani "hata ukishindwa, endelea") mwisho wa kila mstari na kwenda kula rolex, chapati yao ya mayai. Sipendi. `date` ikishindwa, hiyo ni hatari ya kweli na skripti ina haki ya kusimama. `hwclock` ikishindwa kwa sababu chipu haipo, hakuna kilichoharibika. Na `hwclock` ikishindwa ilhali chipu ipo, unataka kujua, ila si kwa kuwafungia madereva dirisha. Ni hali tatu, zisitibiwe kwa dawa moja:

```
date -u -s "$MUDA" || exit 1

if [ -e /dev/rtc0 ] || [ -e /dev/rtc ]; then
    hwclock --systohc --utc || logger "saa ya maunzi imekataa kuandikwa"
else
    logger "hakuna saa ya maunzi, naendelea"
fi
```

Skripti hii itafanya kazi kwenye mashine za kukodi na kwenye ile seva moja ya chuma ambayo nina hakika bado mnayo pembeni.

Lakini hukuniambia `$MUDA` inatoka wapi, na hilo linanisumbua kuliko chipu. Kama kuna mtu anasoma simu yake na kuandika kwa mkono, nakuomba uache leo. Ofisi zetu zinahesabu saa kwa Kiswahili na kwa Luganda, halafu mashine inataka hesabu ya usiku wa manane. Mtu anaambiwa "weka saa nane," anaandika 08:00, na hati za mchana zinatoka zikionekana zilitolewa asubuhi ofisi haijachangamka. Ndiyo maana mtu akinipigia kulalamika kuhusu saa, swali langu la kwanza ni: imekosea kwa kiasi gani? Saa sita kamili, kuna mkono wa binadamu. Saa tatu kamili, ni suala la kanda ya saa: sisi tuko mbele ya UTC, saa ya kimataifa, kwa saa tatu mwaka mzima, kwa hiyo mahali fulani saa ya UTC imesomwa kama saa ya Kampala au kinyume chake. Windows ndiyo mshukiwa wa kwanza, maana kwa kawaida huichukulia saa ya maunzi kuwa ya hapa nyumbani, Linux huichukulia kuwa UTC. Dakika chache zisizo na mpangilio, mashine ilisimamishwa au saa inateleza. Mwaka 1970, kerneli imeamka bila kupewa muda na yeyote.

Mashine pepe iletewe muda na mtandao. Sakinisha `chrony`, programu inayochukua muda mtandaoni, na kwenye faili la mipangilio hakikisha kuna haya:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3
rtcsync
```

Mstari wa kati unairuhusu kuruka moja kwa moja kwenye muda sahihi kama tofauti inazidi sekunde moja, lakini katika masahihisho matatu ya mwanzo tu. Baada ya hapo inaivuta saa polepole, isirudi nyuma ghafla katikati ya kazi, na hifadhidata yako itakushukuru. Mstari wa mwisho unaiambia kerneli iinakili saa yake kwenye chipu kila baada ya dakika 11 kama chipu ipo. Kama haipo, hakuna ugomvi. Unaona kwamba kazi yote ya skripti yako imeshafanyika? Ukiweza, itupe skripti. Na huduma zinazotaka muda sahihi kabla ya kuwaka zitangulize kwa `chronyc waitsync 30`, ambayo inajaribu mpaka mara 30, kila baada ya sekunde 10, kisha inakata tamaa kwa kosa linaloeleweka.

Hakikisha mlango wa UDP 123 haujazibwa kwenda nje. Ukiwa umezibwa na wenye mtandao hawasikii, na mashine yako ni ya KVM (uwezo wa Linux wa kubeba mashine pepe), jaribu `modprobe ptp_kvm`. Ikitokea `/dev/ptp0`, chrony inaweza kusoma saa ya mwenyeji kupitia hapo kwa mstari wa `refclock PHC /dev/ptp0 poll 2`. Ni njia nzuri sana, ila unamwamini mwenyeji moja kwa moja. Akikosea, nawe umekosea.

---

Mama Fundi, salamu kutoka Arua. Ndani ya kontena nimeingia kama root kabisa, mtumiaji mwenye mamlaka yote, nikaandika `date -s`, nikaambiwa sina ruhusa. Root wa aina gani huyo?
— *Msomaji, Arua*

Root wa kupanga. Kontena haina kerneli yake, inatumia ya mwenyeji, na saa ya kerneli ni moja kwa wote waliomo. Linux iliongeza utengano wa muda kwenye toleo la 5.6 mwaka 2020, lakini unahusu saa zinazohesabu tangu mashine iwake, hauhusu ile ya tarehe. Docker, programu inayoendesha kontena, kwa hiyo inamnyima root wa kontena uwezo uitwao `CAP_SYS_TIME`, na inafanya vyema. Utasoma mahali ushauri wa kuurudisha kwa `--cap-add`. Ukifanya hivyo na ukakosea mwaka, umekosea kwa kila kontena iliyo kwenye mashine hiyo, pamoja na za jirani usiyemjua. Rekebisha saa kwa mwenyeji. Kama shida yako ni kwamba kontena inaonyesha saa tatu nyuma, hiyo ni kanda tu: weka `TZ=Africa/Kampala` na uhakikishe pakiti ya `tzdata` imo ndani.

Na kama ni kwa majaribio tu, unataka programu yako iamini ni mwaka ujao, kuna `faketime`. Inaidanganya programu moja bila kumgusa mtu mwingine.

---

Mama, mimi ni mwanafunzi, Mbarara. Nikifunika laptopu na mashine pepe ikiwa inaendelea, nikifunua kesho yake baadhi ya tovuti vyeti vyake vya usalama vinakataliwa, na namba za siri za muda zinazotengenezwa ndani ya mashine hiyo hazikubaliki. Ni virusi?
— *Mwanafunzi*

Hapana, ni usingizi. Mashine yako pepe haikujua kwamba usiku umepita, inaendelea na jana. Cheti kilichotolewa leo asubuhi inakiona kimetoka kesho, na zile namba za siri hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo zako zimeshapitwa mno.

Kwa dharura andika `chronyc makestep`. Kwa kudumu, kwenye laptopu peke yake, badilisha mstari wa `makestep 1.0 3` uwe `makestep 1.0 -1`, ili iruhusiwe kuruka wakati wowote. Karani wa Malaba asiige hili, hifadhidata yake haipendi kuruka. Kama unatumia VirtualBox, sakinisha zile programu nyongeza za mgeni, nazo huleta muda kutoka kwa laptopu zenyewe. Ila chagua mmoja kati yao na chrony, wasivutane.