Je, oksaidi ya itriamu ya 99% inatosha kutengeneza superkondakta?

Mwalimu mwenzangu wa Kasulu, umeuliza kama oksaidi ya itriamu ya asilimia 99 inatosha kutengenezea kile kidonge cheusi kinachofanya sumaku ielee, yaani superkondakta, kitu ambacho kikipozwa vya kutosha kinapitisha umeme bila ukinzani wowote, au wewe na vijana wako wa kidato cha sita mjinyime mpaka mpate ya asilimia 99.99. Inatosha. Hela mliyonayo iwekeni kwenye oksaidi ya shaba iliyo safi.

Masomo yangu ya uzamili niliyafanya kwenye maabara ya vitu hivi, na sasa nafundisha kemia hapa Kigoma mjini, kwa hiyo nazijua maabara zenye kila mashine na hizi zetu za bureti na karatasi ya kuchujia.

Lebo ya chupa inakwambia uchafu ni kiasi gani, haikwambii ni uchafu gani. Kwenye itriamu, sehemu kubwa huwa ni ndugu zake, madini adimu yanayopatikana pamoja nayo, kama disprosiamu, erbiamu na gadoliniamu. Kuyatenganisha ni kazi ngumu kweli kwa sababu kikemia yanafanana mno, na bei inapanda kwa sababu hiyo. Lakini ndani ya YBa2Cu3O7, ndiyo fomula ya hicho kidonge, itriamu imekaa katikati ya tabaka za shaba na oksijeni, na haishiriki kupitisha umeme. Ondoa itriamu yote, weka gadoliniamu ambayo yenyewe ina usumaku mkubwa, na bado ukinzani unatoweka kwenye kelvini 90 na kitu, kama kawaida. Nilipolipima hilo kwa mkono wangu nilishangaa sana, na mpaka leo linanifurahisha kuliko sumaku yenyewe kuelea.

Cha kuogopa ni zinki. Haina usumaku wowote, ila inachukua nafasi ya shaba, na humo kwenye tabaka za shaba ndimo umeme unamopita. Asilimia mbili au tatu tu ya shaba ikibadilishwa na zinki, kidonge hakiwi tena superkondakta kwenye kelvini 77, joto ambalo naitrojeni kimiminika huchemka. Mtamwaga naitrojeni yote na sumaku itabaki imelala. Chuma nacho kinaharibu.

Habari njema ni kwamba zinki mnaweza kuikamata kwa kemia ya darasani. Yeyusheni gramu kadhaa za oksaidi ya shaba kwenye asidi ya haidrokloriki, ongezeni haidroksaidi ya sodiamu mpaka izidi, kisha chujeni. Shaba inabaki juu ya karatasi, zinki inapita na maji. Rudishieni asidi tone kwa tone kwenye hayo maji: kikitokea kitu cheupe, ni zinki au aluminiamu. Amonia ikizidi inakiyeyusha cha zinki, cha aluminiamu inakiacha. Vijana wako wanalijua zoezi hili tayari, ila hawajawahi kuambiwa lina kazi gani nje ya mtihani.

Hata utenganishaji wa madini adimu usiwatishe. Pale Uvinza zamani maji ya chumvi yalichemshwa, chumvi ikaganda, na zile nyingine zilizo chache zikabaki kwenye maji ya mwisho. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach alifuata kanuni hiyohiyo, akagandisha na kuyeyusha upya tena na tena, mpaka didimiamu, iliyodhaniwa kuwa elementi moja, ikagawanyika kuwa neodimiamu na praseodimiamu. Zote mbili ziko kwenye mwamba wetu wa Ngualla, Songwe. Ukiweka neodimiamu badala ya itriamu unapata superkondakta. Ukiweka praseodimiamu, hupati. Kwa hiyo kama lebo ya itriamu inaorodhesha uchafu, angalieni kama praseodimiamu imo.

Uokaji wenyewe hauna maneno mengi: itriamu, bariamu na shaba kwa uwiano wa 1:2:3 wa moli, kusaga, nyuzi 930 hivi za Selisiasi, kusaga tena, kugandamiza, kuoka tena. Mwishoni pozeni polepole ndani ya oksijeni, mkikawia kwenye nyuzi 450 hivi, maana oksijeni, ile O7 ya kwenye fomula, ikipungua kutoka 6.9 hadi chini ya 6.4 hivi kwa kila fomula, usuperkondakta unakwisha. Hilo nalo linapimika kwa iodaidi ya potasiamu, thiosalfati na wanga. Taitresheni ya kwanza inapima shaba yote, ya pili inajumlisha na oksijeni ya ziada. Tofauti ndiyo jibu. Kabonati ya bariamu, ambayo ndiyo inayoleta bariamu, ni sumu ikimezwa, kwa hiyo barakoa na glavu kwa kila mtu, na mizani uishike wewe.

Naitrojeni kimiminika waulizeni wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, wanaitumia kuhifadhia mbegu. Kituo chao cha taifa kiko Usa River, Arusha.

Weka hapa picha ya lebo ya oksaidi yenu ya shaba. Kama zinki na chuma hazijaandikwa, anzeni na kile kipimo cha haidroksaidi kabla hamjasaga chochote.