Muulize fundi kabla hajashika mwiko

SWALI: Shikamoo mzee. Nataka kuweka tailizi sebuleni, mita 4 kwa 5, na kukarabati bafu linalovujisha maji hadi ukuta wa chumbani. Fundi niliyeelekezwa na jirani anasema sebule pekee inataka boksi 24 za sentimita 60 kwa 60. Anataka nusu ya pesa ya ufundi siku ya kwanza, na vifaa anunue mwenyewe kwenye duka analolijua. Nimuulize nini kabla sijampa kazi?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na hizo boksi 24. Usimwambie ni nyingi, mwambie tu, "Fundi, nipigie hesabu nione." Boksi la 60 kwa 60 kwa kawaida lina tailizi 4, yaani mita za mraba 1.44, yasome maandishi ubavuni mwa boksi. Sebule yako ni mita za mraba 20. Weka asilimia 10 ya kukatia na kuvunjika, zinakuwa 22, ambazo ni boksi 16. Ukitaka na za kuzungushia chini ya ukuta, ongeza 2. Hizo nyingine 6 zinakwenda wapi? Huenda amehesabu korido, na hapo utakuwa umemwonea bure. Fundi anayejua kazi atakuchorea hata chini kwa mkaa. Wa janja janja atakasirika.

Vifaa nunua mwenyewe. Nenda naye dukani akuchagulie, sawa, lakini pesa itoke mkononi mwako na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ibaki kwako. Hakikisha boksi zote zina namba moja ya toleo, la sivyo utapata sebule yenye rangi mbili. Elewana na muuza duka mapema kwamba boksi ambazo hazikufunguliwa utazirudisha.

Kisha muulize: "Ni wewe utakayeshika mwiko, au utaniletea vijana?" Mafundi wetu wengi wana saiti tatu kwa wakati mmoja. Asubuhi anakuja na shati safi, anapima pima, saa nne hayupo, kabaki saidia fundi anayejifunzia kwenye sakafu yako. Kujifunza si kosa, ila iwe kwa bei ya kujifunza.

Muombe pia akupeleke kwenye bafu alilolijenga miaka miwili iliyopita, si la mwezi jana. Bafu la mwezi jana halijawahi kumsaliti mtu. Mwenye nyumba uongee naye fundi akiwa hayupo.

Kwenye bafu lako ndipo umkazanie. "Dawa ya kuzuia maji utapaka wapi, na ukutani itapanda hadi wapi?" "Mteremko wa kwenda kwenye tundu ni kiasi gani?" Akisema sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, anajua. "Kabla ya tailizi, utaziba tundu na kujaza maji yalale hadi kesho?" Akicheka swali hilo, mshukuru kwa muda wake, mtafute mwingine. Akikubali, hilo jaribio ulione kwa macho yako.

Nusu siku ya kwanza, hapana. Mpe ya kuanzia, nyingine sebule ikiisha, nyingine bafu likiisha, na fungu la mwisho libaki hadi gundi ikauke na upite na sarafu ukigonga tailizi moja moja. Inayolia mvungu inang'olewa, kwa gharama yake. Yote hayo yaandikwe kwenye karatasi, msaini wote wawili, balozi wa nyumba kumi au jirani huyo huyo awe shahidi.

Kama unafikiria hita ya maji, huyo si fundi wa kuchimbia nyaya. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akuonyeshe leseni yenyewe, na aje kwanza, kabla ukuta haujavishwa tailizi.