Barua kwa mwanangu: kwa nini tuliwachukua wote watatu

Mwanangu, meseji yako nimeisoma nikairudia, alafu nikampa baba yako nae akaisoma. Unasema Ustawi wa Jamii huko Morogoro wamewaambia wewe na mkeo kuna watoto wawili, kaka na mdogo wake, na nyie mnataka mumchukue huyo mdogo tu, maana nyumbani tayari yupo wako na yupo wa mkeo. Ndo unaniuliza, mama, nyie mlikuwa na sisi wawili na watatu wa baba, kwa nini mlibeba na wale watatu wote wakati mngeweza kumchukua mmoja?

Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu tutaishia kusalimiana.

Sababu ya kwanza ni nyie wenyewe. Mimi nilipohamia hapa Isevya kwa baba yako nilikaa nikawaangalia sana nyie watoto. Wewe ulikuwa na dada yako, wale wa baba walikuwa na wao kwa wao, mkigombana mchana kuhusu maji ya kuoga au nani kala nyama ya nani, jioni kila mtu anarudi kwa mtu wake mnanong'onezana huko, kesho yake yameisha. Sasa mtoto mmoja, mgeni, kaletwa kwenye nyumba kama ile ambayo tayari ina pande mbili, akigombana na nyie anarudi kwa nani? Kwa mama aliyemjua wiki iliyopita? Watu wanaona nyumba ya mume na mke waliokuja kila mtu na wake ikishajaa basi mchukue mmoja, mimi naona nyumba ya namna hiyo ndo haifai kabisa kuletewa mtoto mmoja aliyekatwa kwa ndugu zake.

Na wale hawakuwa watoto wa kukatwa jamani. Ulikuwa mkubwa mwaka ule wa 2016 unakumbuka, ila kuna mambo hatukuwaambia. Mama yao alifariki huko upande wa Urambo, baba alishatangulia, ndugu wakawa wanatupiana. Ustawi wakawaweka kwa walezi wa kuaminika, na kwa sababu hakukuwa na nyumba ya kuwachukua wote, yule dada yao mkubwa akaenda kwa mlezi wake na wale wa kiume wawili wakaenda kwingine. Watu waliokuwa wanaulizia walikuwa wanamtaka yule mdogo tu, kwa sababu wanasema hana kumbukumbu. Siku tuliyoenda kuwaona walikuwa wamekutanishwa, mtu akawapa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yule dada akaigawa mafungu matatu kabla hajatia hata kimoja mdomoni, fungu la mdogo likawa kubwa zaidi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Baba yako alinishika mkono tu, na mimi nikajua kashaamua.

Tulipiga hesabu, usidhani tulikuwa na hela. Mshahara wa reli unaujua. Mwaka ule ndo serikali ilikuwa imeanza elimu bila malipo mpaka kidato cha nne, ikatusaidia upande wa ada, lakini sare, madaftari, viatu na kula kwa watu kumi ndani ya nyumba ni vyetu. Tukalima mpunga zaidi, mimi nikaongeza biashara ya asali, na kuna miezi mboga ilikuwa nsansa, yale majani ya kunde makavu, kila siku mpaka mkanuna.

Kuhusu taratibu, mkeo aliuliza. Mnaanza na malezi ya kambo, mnaomba Ustawi wa halmashauri yenu, watakuja nyumbani waangalie mnalala wapi, watauliza majirani, watawauliza na watoto wenu, na mimi nawaambia watoto wenu waulizeni nyie kwanza kabla ya afisa. Malezi ya kambo mtoto anakaa kwenu lakini bado yuko chini ya uangalizi wao. Kuasili ndo mwisho, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka hilo, mahakama ikishatoa amri wanakuwa wenu kama mliowazaa. Sisi tulienda Mahakama Kuu hapa hapa Tabora, na jaji aliongea na yule dada yao mwenyewe, akamsikiliza bila kumharakisha, nilimheshimu sana kwa hilo.

Jina tuliwaachia la baba yao. Ndugu wengine walisema sasa mmeasili nini, lakini sisi ni Waislamu, Sura ya 33 aya ya 5 inasema waiteni kwa majina ya baba zao, na mimi hata moyoni niliona ni haki yao, yule marehemu hakuwatupa, alikufa. Na kwa vile kwenye mirathi ya dini hawana fungu, baba yako kawaandikia wasia ndani ya ile theluthi ya mali ambayo dini inaruhusu mtu kuusia, nyie wote mnajua, hakuna wa kuja kushangaa msibani. Nyie fanyeni mapema, msisubiri uzee.

Sasa hili ndo nataka ulisome vizuri. Ukiwachukua wote wawili, huyo mkubwa atakuja na kazi yake. Yule dada yenu hakuniruhusu niwaogeshe wadogo zake. Nikiita waje kula anawaangalia kwanza yeye ndo wanakaa. Shangazi yenu akaniambia huyo mtoto ana kiburi, mnyang'anye hao wadogo akue kama mtoto. Nikakataa. Kazi ile aliachiwa na mama yake, mimi ni nani niichukue kwa siku moja? Nikawa namuuliza, huyu anakunywa uji wa chumvi au sukari, huyu akilia usiku huwa mnafanyaje, ananielekeza, mimi nafanya anavyosema. Walilala godoro moja watatu wakati vitanda vipo, nikaacha. Nakumbuka siku moja mdogo kaanguka kwenye mwembe kaumia goti akaja analia moja kwa moja kwangu, na dada yake alikuwepo pale pale, akatuangalia, alafu akatoka nje kwenda kucheza rede na dada yako. Ilichukua karibu mwaka mzima kufika hapo. Kama tungemleta mdogo peke yake angekuja kwangu mapema zaidi, najua, lakini angekuja kwa sababu hana pengine.

Kwa hiyo mwanangu jibu langu ni wote wawili. Na kama kweli hamuwezi wawili, semeni hivyo kwa Ustawi, waacheni wote ili apatikane mwingine wa kuwachukua pamoja, kuliko nyie kumtoa mmoja na yule kaka akabaki, maana wakubwa wakiachwa nyuma ni vigumu kupata mtu.

Mkirudi pale ofisini waulizeni huyo kaka anaishi wapi sasa hivi na mara ya mwisho alimuona lini mdogo wake. Baba yako anasema kama ni shida ya kitanda kile cha chuma cha ghorofa bado kizima, atakituma kwa basi, wewe useme tu.

Mama yako